Embe la Desemba, Juisi ya Juni: tuliyojifunza kwa kugandisha na kunyonya hewa

Watu wengi huanza na mashine ya kunyonya hewa na kufunga mifuko. Wameiona kwenye simu ikinyonya hewa, mfuko ukilikumbatia hindi hadi punje zinahesabika, wakaagiza. Baada ya wiki chache wanafungua friza wanakuta mfuko wa kabichi umefura, bamia zimeshikana bonge moja la barafu, na embe likiyeyuka linageuka uji. Lawama zinaiangukia mashine. Katika misimu ambayo tumefanya kazi hii, mara nyingi tumekuta mashine haina kosa. Mambo yalishaharibika kabla haijachomekwa kwenye umeme.

Kuna kazi tatu hapa na kila moja ina mwenyewe. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inawasimamisha bakteria na ukungu. Haiwaui wote, inawalaza tu. Mfuko ulionyonywa hewa unazuia mboga isikaukie ndani ya friza na isichukue harufu ya samaki aliyewekwa jirani. Lakini ndani ya punje ya njegere na ndani ya jani la mchicha kuna vimeng'enya, vilevile vinavyoivisha tunda na kulipeleka kwenye kuoza, na hivyo havimalizwi na baridi wala na mashine. Vinaendelea polepole, wiki baada ya wiki, vikila rangi, utamu na vitamini. Dawa yao ni maji yanayochemka. Ndiyo maana njegere zilizofungwa vizuri kabisa lakini hazikuchovywa kwenye maji ya moto zinatoka baada ya miezi miwili zikiwa na ladha ya nyasi kavu, wakati zilizochovywa dakika moja na nusu, hata zikiwa kwenye mfuko wa kawaida, bado ni tamu.

Maji yanayohitajika ni mengi kuliko watu wanavyodhani: lita 4 kwa kila nusu kilo ya mboga. Kipimo chetu ni rahisi. Ukishatia mboga, maji yarudi kuchemka ndani ya dakika moja, na hesabu ya dakika ianze pale yanapochemka tena. Yakichelewa kuchemka, mboga ni nyingi au moto ni mdogo. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, hasa kwenye jiko la mkaa ambalo moto wake umeanza kulegea: mboga inaoga maji ya uvuguvugu, na joto hafifu linavichochea vimeng'enya badala ya kuvimaliza. Kuchovya nusunusu ni kubaya kuliko kutochovya kabisa. Kama sufuria yako ni ya lita 5, chovya nusu kilo nusu kilo, hata kama una kilo nane zinakusubiri. Maji yaleyale yanatumika tena na tena mpaka yachafuke.

Dakika zenyewe tumezibandika ukutani juu ya jiko, kwa sababu kichwa hakizishiki. Njegere ni moja na nusu. Kunde mbichi na mbaazi mbichi, mbili. Karoti ya vipande mbili, nzima ndogo tano. Maharage machanga ya maganda tatu, na kolifulawa na brokoli vilevile. Kabichi iliyokatwa nyembamba, moja na nusu. Mchicha mbili, sukuma wiki, ambayo jani lake ni gumu, tatu. Biringanya la vipande linahitaji nne, na nusu kikombe cha maji ya limau ndani ya zile lita 4, la sivyo linakuwa jeusi. Mahindi mabichi mazima ndiyo yanayokula muda: dakika saba kwa hindi dogo, tisa kwa la kati, kumi na moja kwa kubwa, kwa kuwa joto lazima lifike kwenye gunzi. Anayetaka punje tu achemshe hindi dakika nne, alipoze, ndipo apukuse kwa kisu. Pilipili hoho, pilipili mbuzi na vitunguu maji haviendi kwenye maji ya moto. Kata, gandisha, basi.

Walio nyanda za juu waongeze dakika moja kwa kila hesabu. Nairobi, Mbeya na Njombe ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nairobi yanachemka karibu nyuzi 94. Dakika zinazotosha Tanga hazitoshi huko.

Ukitoa mboga motoni, ipige baridi hapohapo, na muda wa kuipoza usiwe pungufu ya muda iliokaa motoni. Maji ya bomba ya Dar es Salaam mwezi wa Januari hayapozi kitu. Yanatoka yenyewe yana joto. Unahitaji barafu, nusu kilo kwa kila nusu kilo ya mboga. Tunagandisha mifuko ya barafu siku mbili kabla, au tunanunua kwa jirani. Mboga isiyopozwa inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, na ikiingia friza ikiwa na joto inawapasha moto wenzake waliokwisha kuganda.

Halafu kukausha. Hatua hii inarukwa kuliko zote, nasi tunaisisitiza kuliko zote. Maji yaliyobaki juu ya mboga yanafanya mambo mawili mabaya: yanazigandisha punje zikashikana, na yanapanda kwenye mdomo wa mfuko wakati mashine inanyonya, kisha mfuko haufungi. Chujio peke yake halitoshi. Tandaza kanga safi iliyochakaa, ile iliyokwisha kuwa laini, mwaga mboga juu yake, ikunje, bonyeza, acha kama robo saa huku feni ikipuliza. Ukichukua punje mkononi na kiganja kikabaki kikavu, tayari. Majani unayakamua kwa mikono miwili kama unavyokamua nazi, unayafanya madonge yanayolingana na mlo mmoja. Fungu kubwa la mchicha linaishia kuwa donge la ngumi moja, usishangae.

Bamia ina somo lake. Ikate kikonyo tu, juu kabisa, usitoboe chumba cha mbegu. Ukitoboa, ute unamwagika kwenye maji ya moto na zote zinatoka zikiwa zimevaa mlenda ambao haukaushiki kwa kanga wala kwa feni. Chovya nzima, dakika tatu kwa ndogo na nne kwa kubwa, poza, kausha, ndipo ukate mviringo ukipenda. Na chagua bamia changa. Bamia inayokataa kuvunjika ncha kwa kidole gumba ilishakuwa kuni shambani, na friza haijawahi kulainisha kuni.

Kisamvu tunakitenga na majani mengine kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na dakika mbili za maji ya moto hazitoshi kuiondoa. Kuganda nako hakuiondoi. Kisamvu kitwangwe, kichemshwe sufuria ikiwa wazi kwa nusu saa au zaidi ili mvuke utoke, kipoe, ndipo kiingie mfukoni kikiwa kimeiva tayari kwa kuungwa nazi. Asiwepo wa kugandisha kisamvu kibichi kilichotwangwa halafu mtu mwingine nyumbani akakitoa na kukipasha tu, akidhani kilishapikwa. Andika juu ya mfuko: kimechemshwa. Muhogo wenyewe unagandika vizuri sana: menya, osha, kata vipande, kausha, gandisha. Ukiuchimba leo, kesho kutwa umeanza kuwa na mistari myeusi ndani. Ukiugandisha siku ya kuchimbwa unakaa miezi. Wanaojiandaa na futari za Ramadhani wanalijua hili. Unaupika ukitoka kwenye friza moja kwa moja, bila kuuyeyusha.

Sasa trei. Chochote kilicho laini au kilicho cha punje kigandishwe kwanza kikiwa wazi, ndipo kiingie kwenye mfuko wa mashine. Chukua embe. Dodo au bolibo lililoiva lakini bado lina ugumu kidogo ukilibonyeza, linalonuka utamu pale kwenye kikonyo. Menya, kata mashavu mawili, kisha vipande vya sentimita mbili hivi. Panga kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, vipande visigusane, weka trei pahali penye baridi kali kuliko pote kwenye friza. Baada ya saa mbili uso umekuwa mgumu; tunasubiri nne, hata usiku mzima, mpaka kipande kikigongwa kwenye trei kinalia kama jiwe dogo. Hapo ndipo mfuko. Ukinyonya hewa kwenye embe lisiloganda, nguvu ya mashine inalikamua kama mkono: juisi inapanda mdomoni mwa mfuko, inaingia kwenye kisahani cha mashine, na mstari wa kufungia unaungana juu ya maji ya sukari. Unaonekana umefunga. Kesho yake mfuko umelegea.

Kasi ya kuganda ina maana kubwa. Maji ndani ya tunda yakiganda polepole yanatengeneza chembe kubwa za barafu zenye makali, zinapasua kuta za chembe hai, na tunda likiyeyuka linamwaga maji yake yote. Yakiganda haraka, chembe za barafu ni ndogo na madhara ni kidogo. Kwa hiyo usijaze friza vitu vipya kwa siku moja. Friza ya lita 200 inaweza kugandisha vizuri kilo sita hadi tisa za vitu vipya kwa siku, na kwa joto la pwani tunabaki kwenye sita. Mwenye tenga zima la maembe aligawe kwa siku tatu au nne, akianza na yaliyoiva zaidi. Kile chumba kidogo cha juu ndani ya friji ya mlango mmoja, kile kinachojaa theluji, mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Kinafaa kwa barafu na kwa mboga za wiki mbili tatu. Kipima joto kidogo cha friza kitakuonyesha ukweli. Kilaze katikati ya mifuko usiku mmoja, usome asubuhi kabla hujapekua.

Tukifika kwenye mashine yenyewe, jambo la kwanza ni mifuko. Mashine za nyumbani, zile unazobana mdomo wa mfuko tu huku mfuko wenyewe ukibaki nje, zinahitaji mifuko yenye vijistari au vinundu upande mmoja. Hewa inapita kwenye vijistari hivyo. Mfuko laini pande zote mbili unajibana, hewa inabaki ndani, mashine inanguruma bure. Mifuko laini ni ya mashine za chumba, zinazomeza mfuko mzima, na hizo bei yake ni ya biashara. Vile vifuko vyembamba vya kufungia maandazi havifai kwa lolote hapa: hewa na mvuke vinapenya, na vinachanika kwenye baridi.

Acha sentimita nane za mfuko mtupu juu ya chakula. Kunja mdomo wa mfuko nje kama pindo la suruali kabla ya kutia mboga, ujaze, kisha ukunjue. Ndani ya mdomo panabaki pasafi na pakavu. Hii ni hila ndogo, lakini imetuokolea mifuko mingi kuliko kitu kingine chochote. Futa tena kwa kitambaa kikavu. Nyoosha mdomo kwa vidole viwili wakati unaubana, usiache mkunjo. Mashine ikimaliza, angalia ule mstari kwa kuuelekeza kwenye mwanga wa dirisha: uwe wa kung'aa, unaopitisha mwanga sawasawa toka kona hadi kona. Ukiona sehemu nyeupe yenye ukungu, hapo plastiki haikuyeyuka. Ukiona mshipa mwembamba unaovuka mstari kama unywele, ni mkunjo, na hewa itarudi kwa njia hiyo. Sisi tunafunga mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, umbali wa kidole, kwenye kila mfuko. Inakula sentimita moja ya plastiki tu.

Pumzisha mashine nusu dakika kati ya mfuko na mfuko. Ule waya wa joto ukizidi kupata moto unakata plastiki badala ya kuiunganisha, na mfuko wa kumi unatoka na mdomo uliokatika kama kwa wembe. Ukanda wa kahawia unaofunika waya ukichakaa, mifuko inaanza kunata. Ukanda huo unabadilishwa, si lazima ununue mashine mpya. Na mpira wa sponji unaozunguka kisahani hubonyea moja kwa moja kama mashine inahifadhiwa ikiwa imefungwa kwa klipu. Ihifadhi mfuniko ukiwa umelegea. Mashine zinazoletwa kwetu kwamba hazinyonyi tena, mara nyingi tatizo ni mpira huo, au punje ya mchanga iliyokaa juu yake.

Jani la kabichi, sukuma wiki, kolifulawa na brokoli hutoa gesi likiwa bichi. Ukilifunga bila kulichovya, mfuko unafura, na mwenye mfuko anadhani mashine imevuja. Ukali wa vimeng'enya ukishamalizwa kwa maji ya moto, gesi hiyo inakoma. Vitu vyenye ncha navyo huleta mfuko uliolegea: kitako cha hindi, ncha ya bamia iliyoganda, kikonyo cha pilipili. Kitako cha hindi kata bapa, au kiviringishe kwa karatasi ya jikoni kabla ya kunyonya. Ukitaka kujua tundu liko wapi, zamisha mfuko kwenye beseni la maji na uubonyeze, viputo vitakuonyesha.

Laza mifuko, unene usizidi sentimita tatu, igande bapa, kisha isimamishe kama vitabu. Kila mfuko una jina, uzito na tarehe, kwa kalamu ya marka, umeandikwa kabla haujajazwa, kwa sababu wino haushiki kwenye plastiki yenye umande. Gramu 250 za njegere zinatosha sufuria ya pilau ya familia. Kifungashio kikubwa kinakulazimisha kuyeyusha kisha kurudisha, na kurudisha ndiko kunakomaliza mboga.

Hapa tunaomba usikivu, kwa sababu ni jambo la uhai. Mfuko usio na hewa si kopo la chakula cha kiwandani. Haufanyi mboga ikae nje ya baridi hata kidogo. Kuna bakteria, Clostridium botulinum, anayestawi pasipo hewa, na mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka na zinavumilia kuganda. Akipata mboga isiyo na uchachu, ndani ya mfuko ulionyonywa, kwenye joto la jikoni, anatengeneza sumu ambayo haionekani na huenda isinuke. Kwa hiyo mfuko uyeyushwe ndani ya friji, na kabla ya kuyeyushwa uukate mdomo hewa iingie. Usiuache juu ya meza toka asubuhi hadi jioni. Kitunguu saumu kilichomenywa na uyoga mbichi visinyonywe hewa na kuwekwa kabatini au friji tu. Saumu iliyosagwa, pamoja na tangawizi, igandishwe kwenye vitrei vya barafu na itoke kuingia kwenye sufuria moja kwa moja.

Kuchovya pia si kupika. Mwaka 2018 mahindi matamu yaliyogandishwa katika kiwanda kimoja nchini Hungaria yalihusishwa na ugonjwa wa listeria katika nchi kadhaa za Ulaya, na watu walikufa. Listeria ni bakteria anayeishi hata kwenye baridi. Mboga ya friza ipikwe mpaka iive, hata kama unaitaka kwenye saladi.

Matunda hayachovywi. Yanatakiwa kuzuiwa yasibadilike rangi, na kila moja lina tabia yake. Embe halina shida. Papai linagandika, lakini likiyeyuka ni la kusaga tu. Ndizi mbivu menya kwanza: ganda la ndizi iliyoganda halimenyeki bila ugomvi. Parachichi zima au la vipande linatoka limelegea na lina maji. Lisage, tia kijiko kikubwa cha maji ya limau kwa maparachichi mawili, lijaze kwenye kopo dogo au kwenye trei ya barafu, likishaganda ndipo unyonye hewa. Limau hapa linazuia weusi, na mfuko unazuia hewa. Ukiacha kimoja, juu pataota kahawia. Pasheni kamua na mbegu zake, kwenye vitrei vya barafu vilevile. Nanasi, na yale ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yakishuka bei hakuna sababu ya kusita, linataka vipande vidogo na trei. Lakini kumbuka nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na baridi haikiui. Ukilisaga na maziwa na kuyaacha, yanakuwa machungu. Linywe hapohapo, au lichemshe nanasi kidogo kabla.

Nyanya ndizo zinazotupa faida kubwa, kwa kuwa tenga linaloporomoka bei sokoni ni la nyanya. Njia ya haraka: osha, kausha, toa kikonyo, gandisha nzima kwenye trei, funga. Siku ya kupika ishike chini ya maji ya bomba, ganda linavuka lenyewe kama soksi. Haifai tena kwa kachumbari, ila kwa mchuzi haina tofauti. Njia ya pili inaokoa nafasi: chemsha, saga, pika mpaka rojo lipungue nusu, poza, jaza kwenye makopo ya plastiki ukiacha vidole viwili juu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na kopo lililojaa pomoni linapasuka au linatoa mfuniko. Rojo likishakuwa tofali, litoe kwenye kopo, litie kwenye mfuko, nyonya. Mashine ya nyumbani hainyonyi kitu cha majimaji, inanyonya tofali. Tui la nazi tunalifanyia hivyohivyo. Likiyeyuka linajitenga, halijaharibika. Koroga likiwa jikoni. Nazi iliyokunwa inakaa vizuri zaidi kuliko tui.

Tango, letasi, figili na viazi mviringo vibichi, achana navyo. Viazi vinakuwa vyeusi na vyenye majimaji, labda uvikaange nusu kwanza kama chipsi.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inashikilia baridi kwa saa 48 hivi, iliyo nusu kwa saa 24, ilimradi mfuniko hauguswi. Kwa hiyo nafasi tupu tunazijaza chupa za maji yaliyoganda. Weka kikombe cha maji yaliyoganda ndani, na sarafu juu ya barafu. Ukirudi safarini ukakuta sarafu bado iko juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta imezama chini na barafu imeganda juu yake, friza ilizimika muda mrefu ikayeyuka yote, kisha ikawaka tena, na mboga hizo zisiliwe, hata kama sasa ni ngumu kama mawe. Vilivyo bado na chembe za barafu katikati unaweza kuvirudisha, ukikubali vimepungua ubora. Vilivyolegea lakini bado ni baridi kama vya friji, vipike siku hiyohiyo.

Asiye na mashine asikate tamaa. Mfuko mnene wa zipu, beseni la maji: tia mboga zilizoganda kwenye trei, funga zipu ukibakiza sentimita mbili, zamisha mfuko polepole mdomo ukiwa juu ya maji. Maji yanausukuma mfuko ubane pande zote na hewa inatoka kwenye ule upenyo, funga. Unakosa miezi kadhaa tu. Mboga zilizochovywa vizuri zinakaa salama kwa ubora wake miezi minane hadi kumi na miwili, na mashine inazivusha hapo kwa kuwa hazikauki. Yale mabaka meupe yaliyokauka juu ya karoti ni barafu iliyogeuka mvuke moja kwa moja na kuliacha jani au kipande bila maji. Hayana sumu. Yana ladha ya karatasi.

Siku ya kutumia, njegere, karoti na maharage yatoke friza yaingie sufuriani, bila kuyeyushwa, na muda wa kupika upunguze karibu theluthi kwa sababu moto wa kwanza yalishaupata. Mchicha uungwe donge likiwa limeganda. Tia kwenye kitunguu kilichoiva, funika dakika mbili, lisambaratishe kwa mwiko. Na embe usiliyeyushe. Vipande vitoke vikilia kama mawe, gramu 250, maji baridi nusu kikombe, kipande cha tangawizi, blenda iende kwa vishindo vifupi mpaka sauti ya kugonga iishe. Usiongeze barafu, embe lenyewe ndilo barafu.